Trekta la Bangladesh na bonde la Cheju: nini khasa tunajifunza kwa wenzetu

Kila ikitoka taarifa ya habari kwamba ujumbe umekwenda nchi fulani kuangalia kilimo cha mashine, au wataalamu wa nchi fulani wamekuja kutembelea mabonde yetu ya mpunga, maneno yanayofuata mitandaoni na mabarazani ni yale yale. Mmoja anasema safari za posho hizo. Mwengine anasema kwani hao nao wana nini, nchi maskini kama sisi, kwanini wasende Ulaya wakajifunze kwa walioendelea. Wa tatu anasema sisi hatutaki masomo, tunataka matrekta. Wote watatu nawaelewa, lakini naona wanazungumzia vitu vitatu tofauti na hakuna anayeeleza hicho "kujifunza" kwenyewe ni nini, na suala hili linagusa sahani ya wali ya kila nyumba Unguja na Pemba, maana sehemu kubwa ya mchele tunaoupika unatoka nje ya visiwa hivi. Kwa hiyo naomba tulifungue taratibu.

Tuanze na maneno yenyewe. Kilimo cha mashine watu wengi wakikisikia wanaona trekta kubwa linapasua shamba. Maana yake ni pana zaidi ya hapo: ni kazi yoyote ya shamba ambayo badala ya kufanywa kwa mikono mitupu na jembe inasaidiwa na chombo, kiwe kinavutwa na ng'ombe, kinasukumwa na mtu au kina injini. Kulima, kuburuga, kupanda, kupalilia, kumwagilia, kuvuna, kupura, kukoboa, zote zimo. Mashine ya kukoboa mpunga iliyopo karibu kila kijiji cha shamba ni kilimo cha mashine, na hio iliingia bila semina wala uzinduzi, kwa sababu kutwanga kwa kinu kulikuwa kunawatesa kina mama na kila mtu alikuwa tayari kutoa pesa mfukoni kuepukana nako. Hilo likumbukeni, litarudi huko mbele.

Neno la pili ni huu "ushirikiano wa Kusini na Kusini" mnaousikia kwenye hotuba. Ni lugha ya Umoja wa Mataifa, msingi wake uliekwa mwaka 1978 kwenye mkutano wa Buenos Aires kule Argentina, na maana yake kwa ufupi ni kwamba nchi zinazoendelea zisiwe zinasubiri kila ujuzi utoke kwa matajiri, zibadilishane wenyewe kwa wenyewe yale waliyoyajaribu. Inaweza kuwa mafundi kutembeleana, michoro ya mashine kutolewa bure, mkopo wa kununulia zana, au kuambizana tu kwamba jamani sisi hili tulilifanya likatushinda kwa sababu hii na hii. Na hilo la mwisho mimi naliona ndo lenye faida kubwa kuliko yote, lakini ndo linalosemwa kidogo kwa sababu hakuna nchi inayopenda kupokea wageni ikawaonesha ilipoanguka.

Sasa kwanini tusende moja kwa moja kwa walioendelea? Kwa sababu shamba la wastani Marekani ni zaidi ya eka 400, kibarua kwao ni ghali mno, benki inamkopesha mkulima kwa dhamana ya shamba lenyewe, na trekta likiharibika fundi anafika na gari yenye vifaa vyote. Kwa mtu huyo trekta la nguvu za farasi 200 lina hesabu. Sisi baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ziligaiwa eka tatu tatu, na hizo eka tatu zimeshapita kwenye mirathi zaidi ya mara moja, na mabondeni ndo kabisa, mtu ana jaruba mbili, yaani vipande vya shamba la mpunga, hapa na moja kule ng'ambo ya mfereji, katikati wamekaa watu wengine. Ukenda Bangladesh, au China vijijini, utamkuta mtu mwenye chini ya hekta moja iliyokatika vipande vipande na bado shamba lake linalimwa kwa mashine, linavunwa kwa mashine. Huyo ndo mwenzetu. Suali letu linafanana na lake, kwa hiyo jawabu lake lina nafasi ya kutufaa, la Mmarekani halina.

Kabla ya kufika huko kuna jambo moja lazima likae sawa la sivyo mengine hayatofahamika. Trekta linaishi kama daladala. Mwenye daladala halipwi kwa kuwa na gari, analipwa kwa safari, na gari ikilala gereji wiki moja mkopo haulali. Trekta ndo hivo hivo isipokuwa hali yake ni ngumu zaidi, daladala ya Mkokotoni ina abiria mwaka mzima na trekta lina wateja wiki chache kabla ya mvua basi. Tuseme pawatila moja, ile trekta ndogo ya magurudumu mawili ambayo mtu anatembea nyuma yake kashika mikono yake, inalima eka moja kwa siku, na kipindi cha kutayarisha mashamba kina siku 40 za kazi. Hizo ni eka 40. Ikilala siku 15 kwa sababu beringi inasubiriwa kutoka Dar, zimebaki eka 25. Na kama mashamba yametawanyika, leo bonde hili kesho bonde jengine, nusu ya siku inakwenda njiani, hazifiki hata 20. Bei ya kununulia ni ile ile. Ndo maana mtu anayeijua kazi hii atakuuliza kwanza mashine inafanya kazi siku ngapi kwa mwaka, idadi ya matrekta ataiuliza baadae.

Bangladesh sasa.

Ni nchi ya mito, tope na mpunga, na zamani walilima kwa ng'ombe. Serikali yao ilikuwa na utaratibu wa kuidhinisha mashine zipi ziruhusiwe kuingia nchini, nia ilikuwa nzuri, wananchi wasiuziwe vitu vibovu, lakini matokeo yake zilizokuwa zinapita ni zile ghali, za Kijapani, na wenye uwezo wa kuzinunua walikuwa wachache. Mwaka 1988 yakaja mafuriko makubwa, zaidi ya nusu ya nchi ikawa chini ya maji, na mwisho wa mwaka ule ule kikapiga kimbunga. Ng'ombe wengi wa kulimia wakafa. Msimu unakuja na hakuna cha kulimia. Ndo serikali ikalegeza masharti na ikapunguza ushuru, na pawatila za Kichina pamoja na injini ndogo ndogo za dizeli zikaanza kuingia kwa wingi kupitia wafanyabiashara wa kawaida tu, si kwa mradi wala zabuni ya wizara.

Kilichofuata ndo somo lenyewe. Mkulima mwenye uwezo kidogo anaunga unga ananunua moja, shamba lake analimaliza siku mbili, halafu msimu wote uliobaki anawalimia majirani kwa pesa. Baada ya kama miongo miwili watafiti wakakadiria kwamba asilimia 80 hivi ya ardhi inayolimwa nchi ile inalimwa kwa mashine, zaidi hizo za magurudumu mawili, na wengi wa wanaolimiwa hawana mashine wala hawana haja ya kuwa nayo, wanakodi. Na ile injini haifungwi kwenye plau peke yake. Msimu wa kulima ukesha inafunguliwa inafungwa kwenye pampu ya maji, baadae kwenye mashine ya kupura, wengine wanaitia kwenye boti, wengine kwenye kigari cha kubebea magunia. Kwa hiyo zile wiki chache nilizosema zinageuka kuwa miezi. Na kwa sababu injini za namna moja zimeenea nchi nzima, masoko madogo madogo ya vijijini yakapata maduka ya spea zake na mafundi wake. Wataalamu walisema mashine hizi hazidumu kama za Kijapani, na kweli hazidumu, lakini zinatengenezeka pale pale kijijini kwa bei ambayo mkulima anaimudu, na hilo kwa mtu wa jaruba mbili ni kubwa kuliko kudumu.

Kwa hiyo mtu akenda Bangladesh akarudi na picha ya pawatila, hajarudi na kitu. Pawatila tunazijua. Cha kurudi nacho ni namna ushuru ulivyopangwa, spea zinavyowafikia wauzaji wadogo, fundi anafunzwa wapi, na bei ya kulimiwa inakubaliwa vipi baina ya jirani na jirani.

Na ushahidi kwamba mashine peke yake haitoshi haupo mbali. Mwaka 2009 kule bara ilitangazwa Kilimo Kwanza, na moja katika yaliyofanyika ni halmashauri kuhimizwa zinunue pawatila zigawiwe kwa vikundi na wakulima. Mashine ile ile, nchi ile ile, miaka ile ile. Penye mabonde ya mpunga kama Mbarali, Mbeya, zilipokelewa vizuri na watu wakazinunua hata kwa pesa zao, kwa sababu tope la mpunga ndo nyumbani kwa pawatila. Penye ardhi kavu ngumu ya mahindi na mtama hazikuweza kuingia chini, zinaruka ruka juu tu, mwisho watu wakazifunga tela wakabebea mizigo na nyengine zikakaa zinaota kutu. Hapo hutakiwi kumlaumu mkulima wala pawatila, ni ardhi haikuulizwa.

Ghana nayo ina lake la kutwambia. Kuanzia mwaka 2007 serikali ile ilianzisha vituo vya huduma za mashine, kampuni binafsi zinapewa matrekta kwa mkopo wa bei nafuu ili ziwalimie wakulima wadogo. Wazo zuri ukilisoma. Watafiti walipokwenda kupiga hesabu wakakuta matrekta mengi ya vituo yanafanya kazi siku chache mno kwa mwaka, hata kwa ruzuku ile biashara haijilipi, yaani lile suala la daladala na safari limewakamata. Wakati huo huo wakakuta wakulima wa kati ambao wamejinunulia matrekta yaliyotumika, mitumba, wanalima mashamba yao halafu wanawalimia wengine, na hao ndo waliokuwa wanawafikia wakulima wadogo wengi zaidi. Mtu mwenye shamba lake ana sababu ya kulitunza trekta lake, na pesa ya kuwalimia wengine kwake ni nyongeza. Kituo hakina shamba, kinategemea kukodisha tu.

Hapa kwetu kwa miaka mingi kulima na kuburuga kumebebwa na matrekta ya serikali kwa bei ya ruzuku, mkulima anachangia sehemu. Mimi sisemi ruzuku iondoke, kuna wajane wenye jaruba moja ambao bila hiyo hawalimi kabisa, na kuwanyima itakuwa dhulma. Lakini la Ghana na la Bangladesh yakiekwa pamoja yanatuuliza suali gumu: kijana wa Kibokwa, hapa Unguja, akinunua pawatila yake kwa mkopo, atashindana vipi na bei ya ruzuku? Hawezi. Hatonunua. Na trekta la serikali likichelewa msimu ukapita, hakuna wa pili. Maoni yangu, ile pesa ya ruzuku angepewa mkulima mkononi kama hati, aende nayo kwa trekta lolote analolitaka, la serikali au la yule kijana, wote wawili wangebaki kazini.

Kuna jambo jengine limetoka Nigeria ambalo naona linasafiri vizuri. Kampuni ya Hello Tractor, iliyoanza 2014, inafunga kifaa kwenye trekta kinachoonesha lipo wapi na limelima kiasi gani, na wakulima wanaagiza kwa simu. Wengi wakisikia wanaona la ajabu ni ile programu ya simu. Mimi naona la ajabu ni yule wakala wa kijijini, mtu anayepita nyumba kwa nyumba kukusanya maagizo ya majirani mpaka yatimie, ndipo trekta linaitwa, likifika linalima moja kwa moja bila kuzurura. Hilo halihitaji hata setilaiti. Sisi tuna masheha, tuna kamati za mabonde, tuna bwana shamba na bibi shamba wanaojua nani ana jaruba wapi, daftari na simu ya kawaida vinatosha kuanzia.

Si kila somo lakini linavuka bahari, na hapa nataka tuwe wakweli. China wana mfano mzuri sana wa kuvuna. Wenye kombaini, yaani ile mashine inayokata, inapura na kupepeta kwa mara moja, wanaanza kuvuna ngano ikiwiva kusini, wanakwenda nayo kaskazini mkoa kwa mkoa kadri inavyowiva, na serikali imewasamehe ushuru wa barabara kuu wakiwa kwenye kazi hiyo. Mashine moja inapata wiki nyingi za kazi badala ya siku chache, ndo mana mkulima wa nusu hekta anaweza kuvuniwa kwa kombaini. Watu wanauona mfano huu wanasema basi na sisi tufanye. Lakini mfano wa China umesimama juu ya ukubwa wa nchi, ngano haiwivi siku moja kusini na kaskazini. Unguja ina kilomita za mraba kama 1,600 na Pemba haifiki 1,000, masika inatupiga sote pamoja, mpunga wa mvua unawiva bonde la Cheju, Unguja, na Pemba karibu wakati mmoja. Kombaini itafata nini? Kinachoweza kuipa kazi ya ziada kwetu ni mpunga wa umwagiliaji, unaopandwa nje ya msimu wa mvua, na ndo mana ile miundombinu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, ikiwemo ya Cheju na Kinyasini kwa Unguja na Mlemele na Makwararani kwa Pemba, mimi naihesabu kuwa ni habari ya mashine pia, siyo ya maji tu. Maji yakiwepo msimu unakuwa mrefu, msimu ukiwa mrefu mashine inajilipa.

Na tusisahau ardhi yenyewe haifanani. Wazee wetu wana majina yake na majina yale ni elimu kamili: kichanga, kinongo, kinamo, uwanda, maweni. Kinamo ndo udongo mzito wa mabondeni unaoshika maji, mzuri wa mpunga, na ndo unaokamata trekta. Trekta kubwa likiingia kwenye kinamo kilicholoa ama linakwama, ama linapita na uzito wake unavunja ile tabaka ngumu iliyopo chini ya tope, tabaka ambayo ndo inazuia maji yasizame, sasa msimu ujao jaruba halishiki maji na watu wanasema mvua imepungua. Pawatila ni nyepesi, haifanyi hivyo. Kwenye kichanga na kinongo trekta la kawaida linafanya kazi yake vizuri. Uwandani na kwenye maweni, kule mashariki, Makunduchi, Paje, sehemu kubwa ya Micheweni, plau haina pakuingia, ni mawe, mtu anapanda kwenye vishimo vyenye udongo. Kumpelekea trekta mtu wa maweni ni kumpelekea mzigo. Huyo anataka pampu ya maji, anataka mashine ya kuparia muhogo, anataka kitu cha kumpunguzia kazi baada ya kuvuna. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Zanzibar inahitaji matrekta", muulize Zanzibar ipi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mashine ya kupura. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, iliyopo Los Baños, Ufilipino, miaka ya 1970 ilibuni mashine ya kupura mpunga na ikawapa mafundi wa karakana ndogo ndogo michoro yake wachonge wenyewe. Haikubaki Ufilipino, ikaenda Thailand na Vietnam na kila ilipofika mafundi wakaibadilisha. Miaka ya 1990 ikafika bonde la mto Senegal. Waliopo pale, kituo cha utafiti wa mpunga cha Afrika Magharibi pamoja na mashirika mawili ya Senegal yenyewe, hawakuichukua kama ilivyo wakaigawa. Waliijaribu na wakulima na mafundi wa pale, wakaibadilisha iendane na mpunga wao na kazi zao, wakahakikisha inaweza kuchongwa kwenye karakana za pale pale, mwaka 1997 ikatoka ikiwa na jina jipya la ASI, na kutoka Senegal ikasambaa nchi nyengine za Afrika Magharibi. Tazameni njia iliyopita: Asia mpaka Afrika, na kila kituo kimeongeza chake. Huo ndo ushirikiano wa Kusini na Kusini ukifanya kazi, hakuna aliyepokea zawadi hapo, kila mmoja amefanya kazi.

Sisi hilo tunaliweza? Tunaliweza. Tuna taasisi ya Karume ya sayansi na teknolojia pale Mbweni, tuna vituo vya mafunzo ya amali Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, vijana wanafunzwa kuchomelea na wanachonga mageti na milango kila siku. Mashine ya kupura ni chuma, beringi, mikanda na injini. Kinachokosekana ni mchoro, fundi mmoja aliyewahi kuichonga aje akae nao, na mteja. Tiketi moja ya fundi kutoka Senegal, au ya fundi wetu kwenda kule akae miezi mitatu karakanani akirudi na mikono iliyojifunza, naithamini kuliko ujumbe mzima wa viongozi kwenda wiki moja.

Na mashine nyengine haina hata injini. Kilimo shadidi cha mpunga, ambacho wengi mmeshakisikia, kilianzia jirani yetu Madagascar, padri mmoja wa Kifaransa anaitwa Henri de Laulanié alikitengeneza akiwa na wakulima wa kule mwaka 1983, na leo kimeenea mpaka India na kwengineko. Miche michanga, mmoja mmoja, kwa mistari, maji kidogo. Pamoja nacho kinakwenda kipalizi cha kusukuma kwa mkono, kigurudumu chenye meno kinachopita baina ya mistari kung'oa majani na kugeuza tope. Mabondeni kwetu wengi wanaofanya kazi ni wanawake, na palizi ndo inayowavunja migongo. Trekta haliwasaidii hapo hata kidogo. Kipalizi kinawasaidia, lakini kwa sharti moja, mpunga uwe umepandwa kwa mistari, ukipandwa kwa kurusha mbegu hakipiti. Ndo mana nasema chombo na namna ya kulima vinakwenda pamoja.

Sasa yale yanayosemwa semwa.

Wanasema mashine itaua kazi za watu. Inategemea mashine gani na kazi gani. Kulima kwa jembe vijana wameshakukimbia, hakuna unayemnyang'anya kazi, na Umoja wa Afrika wenyewe mwaka 2015 kule Johannesburg ulianzisha kampeni ya kutaka jembe la mkono libaki kwenye makumbusho. Kuvuna lakini ni tofauti. Kuna kina mama wanaovuna kwa kisu mashamba ya wengine na wanalipwa kwa mpunga wenyewe, na kombaini ikiingia ghafla hao ndo wanaopoteza chakula cha ndani. Anayesema hakuna anayeumia hasemi kweli. Kwa hiyo mashine ya kupura ianze kabla ya kombaini, hayo ni maoni yangu, maana inapunguza kazi bila kumtoa mvunaji shambani.

Wanasema ukiwa na trekta mavuno yanaongezeka. Trekta halizalishi mpunga. Linakuokolea muda, na muda ukiokoka unapanda mvua ikiwa bado ipo, hapo mavuno yanaweza kupanda. Mbegu mbovu ukiilimia kwa trekta inabaki mbegu mbovu, na kombaini ikiendeshwa na asiyejua inamwaga punje nyingi chini kuliko kisu cha bibi.

Wanasema pia wenzetu walipewa bure na serikali zao. Bangladesh, kama nilivyoeleza, serikali ilichofanya kikubwa ni kufungua mlango na kupunguza ushuru, wakulima na wafanyabiashara wakanunua wenyewe. Ni kama ile mashine ya kukoboa kijijini kwetu, nani aligaiwa bure? Watu waliitaka wakailipia.

Nikiwa na nafasi ya kuwauliza wanaorudi safarini, ningewauliza mambo madogo tu. Spea mlikuta zinauzwa wapi, kwa muagizaji mkuu au kwenye duka la kijiji? Fundi aliyekuwa anaitengeneza ile mashine alisomea wapi na analipwa na nani? Mliwaona na waliofeli au mlipelekwa shamba darasa peke yake? Mliongozana na mkulima hata mmoja, na fundi hata mmoja, na katika hao alikuwemo mwanamke?

Na wewe mwenye jaruba mbili unayesoma hapa ukajiuliza mimi yananihusu nini, yapo unayoyaweza kabla hata trekta halijaja. Kaeni watu wa bonde moja mkubaliane mbegu moja na wiki moja ya kupanda, ili mpunga uwive pamoja na mashine ikija ipite moja kwa moja, maana mwenye mashine hatofunga safari kwa ajili ya jaruba moja lililowiva katikati ya mabichi. Mkusanye na pesa ya kulimiwa mapema, akabidhiwe mtu mnayemuamini. Na mnapojenga matuta msimu huu wacheni njia, upana wa kupita pawatila na tela lake kutoka barabarani mpaka jaruba la mwisho, hata kama kila mmoja atapoteza hatua mbili za shamba lake, kwa sababu mashine ikifika bondeni ikakosa pa kupita itabidi ikanyage mpunga wa mtu, na hapo ugomvi wake utafika mpaka kwa sheha na mashine hatoikaribisha mtu tena.